Kazi ya kuzuia mikunjo huanzia kwenye beseni

Nguo nyingi za kila siku hukunjamana kabla hata hazijavaliwa. Shati la kazini, suruali ya kitambaa, sare ya mtoto au dera la nyumbani hupata sehemu kubwa ya mikunjo yake katika saa chache za kufuliwa, kukamuliwa, kuanikwa na kuanuliwa, na mtu anaposhika pasi asubuhi huwa anarekebisha kilichoharibika jana yake. Mwongozo huu unaweka mkazo katika saa hizo chache, kwa sababu ndizo zinazoamua iwapo pasi itahitajika au la. Kwa familia inayonunua umeme kidogo kidogo, au inayoishi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, tofauti hiyo si ndogo: pasi ya wati 1000 ikiwaka mfululizo kwa saa moja humaliza uniti nzima.

Inafaa kuelewa kwanza kinachotokea ndani ya kitambaa. Pamba imejengwa kwa minyororo mirefu ya selulosi, yaani dutu inayojenga nyuzi za mimea, inayoshikamana kwa vifungo dhaifu vya haidrojeni. Maji yanapoingia kwenye uzi vifungo hivyo huachia na minyororo huweza kuteleza. Maji yanapotoka, vifungo hujifunga upya katika mkao wowote ambao uzi unao wakati huo. Shati la pamba likikauka limefinyangwa, hubaki limefinyangwa, na likikauka limenyooka, hubaki limenyooka. Hata unyevu wa jasho na wa hewa unatosha kuianza kazi hiyo, kwa kuwa katika hewa ya kawaida pamba hubeba maji yanayofikia takriban asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake. Hii ni sababu mojawapo ya shati la pamba lililopigwa pasi vizuri kuonekana limechoka kabla ya saa sita mchana katika joto la Mombasa, Dar es Salaam au Unguja.

Polista hufuata njia nyingine. Hunywa maji kidogo mno, chini ya asilimia 1 ya uzito wake, kwa hiyo unyevu hauisumbui. Kinachoisumbua ni joto. Nyuzi zake huanza kulegea joto linapofika takriban nyuzijoto 70 hadi 80, na zikipoa zikiwa zimebanwa hushika mkunjo huo kwa ukaidi mkubwa. Suruali ya polista iliyofuliwa kwa maji ya moto sana na kukamuliwa kabla haijapoa hupata makunyanzi ambayo kuilowesha tena kwa maji baridi hakuyaondoi. Sufu ina mnyumbuko wa asili na hujirudi yenyewe ikitundikwa usiku kucha, ilhali kitani na rayoni, ambayo ndiyo kitambaa cha madera mengi, hukunjamana upesi kuliko vyote. Anayejua nguo yake ni ya kitambaa gani anajua pia aielekeze wapi juhudi yake, na lebo ya ndani ya kola au ya ubavuni humwambia hilo kwa mstari mmoja.

Beseni na ukamuaji

Kosa la kwanza ni kujaza beseni. Nguo zinazofuliwa zikiwa zimeshindiliwa hazisuguani vizuri, hazisuuziki, na kila moja hutoka na alama za kubanwa na mwenzake. Ni bora kufua mashati matatu kwa maji ya kutosha na kubadilisha maji kuliko kutumbukiza kumi kwa pamoja. Kabla ya kuloweka, fungua vifungo vyote vya mbele na vya mikononi, inua kola mpaka isimame, na geuza mifuko ya suruali nje. Mfuko uliokunjwa ndani ya suruali hukauka mwisho na huchora umbo lake juu ya paja.

Maji nayo yana mchango wake. Maji ya visima vingi, hasa ya ukanda wa pwani, yana chumvi na madini ambayo yakikutana na sabuni ya mche huzalisha utando mweupe unaoganda kwenye nyuzi. Kitambaa chenye utando huo hukauka kikiwa kigumu, na kikikunjwa hakirudi. Dawa yake ni kusuuza mara mbili au tatu badala ya moja, na katika maji ya mwisho kutia vijiko viwili vya siki nyeupe kwa ndoo ya lita kumi, kiasi ambacho harufu yake huisha nguo inapokauka. Sabuni ya unga haigandi kwa namna hiyo na huwafaa zaidi wanaotegemea maji ya kisima. Wanaopenda dawa ya kulainisha nguo waitumie kwa uchache katika suuzo la mwisho. Husaidia nyuzi kuteleza na hivyo kupunguza mikunjo, lakini ikizidi hufanya taulo zisinywe maji.

Ukamuaji ndio unaoharibu zaidi, nao umezoeleka kiasi kwamba wengi hawaufikirii. Nguo ya pamba ikisokotwa kama kamba mpaka itoe tone la mwisho, nyuzi zake zikiwa zimelegea kabisa kwa maji, hupata mikunjo ya mshazari kuanzia begani hadi kwenye pindo, na hiyo ndiyo mikunjo inayohitaji pasi ya moto na maji mengi. Badala ya kusokota, kunja shati kwa urefu mara mbili, kisha likunje tena liwe furushi bapa, na ulibane kati ya viganja au juu ya ukuta wa beseni mpaka maji mengi yatoke. Nguo za rayoni zinahitaji upole zaidi kwa sababu kitambaa hicho hupoteza nguvu kikilowa; hizo zitandazwe juu ya taulo kavu, taulo liviringishwe pamoja nazo na kukandamizwa kwa mikono. Nguo iliyokamuliwa kidogo huchelewa kukauka kwa saa moja hivi, lakini uzito wa maji yaliyobaki huivuta kuelekea chini inapokuwa kambani na kuinyoosha bila gharama yoyote.

Kwa wenye mashine, kanuni ni zile zile: isijazwe hadi juu, izungushwe kwa mwendo wa chini, kati ya mizunguko 600 na 800 kwa dakika kwa mashati na magauni, na nguo zitolewe mara tu inapomaliza. Nguo zilizoachwa ndani ya pipa la mashine mpaka jioni ni heri zisuuzwe upya.

Kambani

Hapa ndipo nguo hupata umbo lake, kwa hiyo hapa ndipo inapofaa kutumia dakika mbili za ziada kwa kila nguo. Shika shati kwa mabega, likung'ute kwa nguvu mara tatu au nne mpaka lilie, kisha likung'ute tena ukilishika kwa pindo. Mkung'uto huo peke yake huondoa makunyanzi mengi. Livishe hanga yenye mabega mapana na ufunge kifungo cha juu na cha tatu, ili pande mbili za mbele zining'inie sawa. Baada ya hapo pitisha vidole viwili kando ya vifungo kutoka juu hadi chini ukiuvuta ukanda huo unyooke, bana kola kati ya kidole gumba na kidole cha shahada na uitembeze toka ncha moja hadi nyingine, kisha vuta mishono ya ubavuni kuelekea chini na ubapishe mfuko wa kifuani kwa kiganja. Mikono ya shati ivutwe kwenye mshono wake na kafu, yaani ncha ya mkono yenye kifungo, ifunguliwe wazi. Shati la pamba mchanganyiko lililotendewa hivyo likikauka huvalika lilivyo, na la pamba tupu huhitaji pasi ya kola na ya mbele tu.

Asiye na hanga za kutosha aanike shati kwa pindo, kichwa chini, vibanio vikishika kwenye mishono ya ubavuni ambako alama zake hazionekani. Kuning'iniza shati kwa mabega kwa vibanio huacha vichuguu viwili ambavyo huonekana hata chini ya koti. Suruali ya kitambaa ikunjwe kwa kufuata mistari yake ya mbele, miguu ikikutana mshono kwa mshono, na ibanwe kwa pindo la chini, ili kiuno kizito kiwe ndicho kinachovuta. Fulana na sweta hazipaswi kutundikwa zikiwa mbichi kwa hanga kwa sababu hurefuka. Zilazwe juu ya kamba kwenye usawa wa kwapa, au zitandazwe juu ya meza au mkeka safi.

Sketi ya shule yenye marinda inastahili maelezo yake, kwa kuwa ndiyo inayowachosha wazazi kuliko nguo nyingine. Ikishakung'utwa, itundikwe kwa kiuno, kisha marinda yapangwe kwa vidole moja baada ya jingine sketi ikiwa bado na maji, na pindo libanwe kwa vibanio kila baada ya marinda matatu au manne. Sketi nyingi za sare ni za polista au mchanganyiko wake, na marinda yake yalitiwa kwa joto kiwandani au kwa fundi. Yakifuliwa kwa maji baridi na kuanikwa hivyo hubaki mahali pake kwa muda mrefu.

Kanga na vitenge ni rahisi zaidi, ili mradi visitupwe kambani vikiwa vimejikunja. Watu wawili washike ncha nne, wavutane kwa mshazari upande mmoja na kisha upande wa pili, halafu wakiweke kitambaa juu ya kamba nusu kwa nusu, pindo zikiwa sawa. Kwa aliye peke yake, ncha mbili zinaweza kubanwa kwanza na mbili nyingine zikavutwa kwa mkono. Kanzu ikauke juu ya hanga, mahali palipo juu vya kutosha ili pindo lisiguse kitu, kwani sehemu yoyote inayojikunja sakafuni itabaki imejikunja.

Upepo husaidia kuliko jua kali. Pamba iliyokaushwa kupita kiasi kwenye jua la saa saba huwa ngumu na mikunjo yake midogo huganda. Iliyoanikwa penye upepo na kuanuliwa ikiwa na unyevu mdogo sana kwenye mishono ndiyo iliyo tayari kwa pasi au kwa kunyooshwa kwa mkono. Wakati wa masika, nguo zikianikwa ndani, ziachwe nafasi ya upana wa kiganja kati ya moja na nyingine.

Hata hivyo kuna jambo moja la kiafya ambalo anayetaka kuacha pasi lazima alizingatie. Katika sehemu nyingi za Afrika yuko nzi wa tumbu, ambaye hutaga mayai kwenye udongo na kwenye nguo mbichi zilizoachwa kivulini au kutandazwa juu ya majani. Mabuu yake yakigusa ngozi huingia ndani yake na kufanya kitu kinachofanana na jipu. Joto la pasi huua mayai na mabuu hayo. Mahali ambapo nzi huyu anajulikana, nguo za ndani, shuka na nepi za watoto zipigwe pasi pande zote mbili pamoja na mishono, na hakuna nguo inayopaswa kutandazwa juu ya nyasi au ua wa michongoma hata kama kamba imejaa.

Kuanua, kukunja na kuhifadhi

Kazi yote ya kambani hupotea dakika tano tu nguo zikianuliwa kwa kunyakuliwa na kurundikwa kitandani zikiwa na joto la jua. Kunja kila nguo pale pale kambani, au uzilaze begani zikiwa zimenyooka mpaka ufike mezani. Mashati yaende kabatini na hanga zake. Fulana ikunjwe uso ukiwa chini, mikono ikirudishwa mgongoni, kisha kiganja kipitishwe juu yake mara moja kabla ya kuiweka. Kabati lisijazwe mpaka nguo zikabanana. Ukishindwa kuingiza mkono kati ya shati na shati, kabati hilo linakunja nguo usiku na mchana.

Mbinu ya kulaza suruali chini ya godoro, inayojulikana na karibu kila aliyesoma shule ya bweni, inafanya kazi kweli, na haipaswi kudharauliwa. Suruali ikunjwe kwa mistari yake, inyunyiziwe maji kidogo sana kwenye magoti, iwekwe kati ya magazeti mawili au mashuka mawili makavu, na ilazwe chini ya godoro usiku mmoja. Uzito wa mlalaji na joto lake huikausha ikiwa bapa. Ikilazwa imelowa itatoka na harufu, na ikiwekwa moja kwa moja juu ya chaga za kitanda itachukua alama za mbao.

Wanga hutumiwa na wengi kwa sare na kanzu, na ni njia nzuri ukiwa mwepesi. Kijiko kimoja cha chakula cha unga wa muhogo, kilichokorogwa kwanza kwa maji baridi na kisha kupikwa katika lita mbili za maji mpaka yawe mazito kidogo, kinatosha mashati manne au matano. Wanga mzito hufanya kitambaa kivunjike badala ya kukunjika, na mistari hiyo huonekana zaidi. Nguo zenye wanga zisihifadhiwe kwa miezi, kwa sababu wadudu wa kabatini huupenda.

Asubuhi pasi haipo

Shati likikutwa limekunjamana na umeme haupo, maji ndiyo tiba. Chukua chupa yenye kinyunyizio, litundike shati, linyunyizie maji kama ukungu mpaka liwe na unyevu bila kutota, kisha vuta mishono kuelekea chini na upitishe kiganja juu ya kila mkunjo. Litahitaji kati ya dakika kumi na ishirini penye upepo. Nyumba yenye maji ya moto bafuni hutoa mvuke wa kutosha: nguo itundikwe humo mlango ukiwa umefungwa wakati mtu anaoga. Mvuke wa birika pia hufaa, nguo ikiwa umbali wa shubiri moja au zaidi na mkono ukiwa mbali na mdomo wa birika, kwani mvuke huunguza haraka kuliko maji. Njia hizi hufaulu kwa pamba, rayoni na sufu. Kwa polista kunyunyizia maji hufaulu kidogo tu, na hariri isinyunyiziwe kabisa kwa sababu maji huacha madoa.

Pasi ikiwepo lakini muda ukiwa mfupi, piga kola, ukanda wa vifungo na kafu, na uache mgongo utakaofunikwa na koti au kiti. Mwenye muda na afuate desturi ya madobi: nguo za pamba zinyunyiziwe maji, ziviringishwe na kuachwa zimefunikwa kwa nusu saa ili unyevu uenee, ndipo zipigwe. Anza na nguo za joto dogo na umalizie na za pamba na kitani, kwa maana pasi hupata moto upesi na kupoa polepole. Vitone vilivyo kwenye lebo vina maana kamili: kimoja ni joto lisilozidi nyuzijoto 110, viwili 150, vitatu 200. Pasi ya mkaa itumike mahali penye hewa, isiwe chumbani palipofungwa, kwa kuwa moshi wake una gesi ya sumu. Na kabla ya kugusa shati jeupe, ipulizwe jivu na kujaribiwa juu ya kitambaa kikuukuu. Nguo iliyotoka kwenye pasi itundikwe dakika kadhaa ipoe ndipo ivaliwe. Kuivaa ikiwa na joto na mvuke ni kuikunja upya kwenye viwiko na kiunoni kabla hujatoka mlangoni.

Wakati wa kununua

Jaribio la dukani huchukua nusu dakika. Kamata pindo la nguo, lifinye kwa nguvu ndani ya ngumi, hesabu hadi thelathini, kisha liachie. Kitambaa kinachofunguka chenyewe kitakufaa kwa kazi za kila siku, na kile kinachobaki kimekunjamana kitadai pasi kila kikifuliwa. Kwenye masoko ya mitumba kama Karume jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi, mikunjo mikali ya nguo mpya kutoka kwenye robota isikukatishe tamaa, maana nguo hizo zilishindiliwa kwa mashine. Iangalie lebo na fanya jaribio la ngumi sehemu iliyonyooka. Ukifika nyumbani, loweka za pamba kwa nusu saa katika maji vuguvugu kabla ya kufua.

Yapo pia mashati ya pamba yaliyotiwa dawa kiwandani yasikunjamane. Mkemia wa Marekani Ruth Benerito, aliyefanya kazi katika maabara ya utafiti ya Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo huko New Orleans, alikuwa miongoni mwa walioiendeleza teknolojia hiyo katika karne iliyopita: kemikali huunganisha minyororo ya selulosi kwa vifungo imara ambavyo maji hayavifungui, hivyo uzi hurudi mahali pake. Mashati hayo yana thamani kwa anayesafiri kila siku, ila yafuliwe kabla ya kuvaliwa mara ya kwanza, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hutoa fomaldehaidi kidogo inayoweza kuwasha ngozi, na yasitiwe dawa ya kung'arishia yenye klorini, ambayo huweza kuyafanya ya njano na kudhoofisha kitambaa.

Kwa safari, fulana na suruali za jinzi ziviringishwe, mashati yalazwe bapa juu yake, kola moja ikielekea mashariki na inayofuata magharibi ili rundo liwe sawa. Kanga moja ikitandazwa kati ya mashati huyawezesha kuteleza badala ya kukwaruzana, kazi ambayo miongozo mingi ya ng'ambo huipa mifuko ya plastiki. Suruali ya kitambaa itandazwe kwanza, miguu ikining'inia nje ya begi, nguo nyingine zipangwe juu yake, kisha miguu irudishwe juu ya rundo, ili pale inapopinda pawe na unene wa nguo ndani yake. Ukifika, fungua begi kabla ya kufanya jambo jingine lolote, kung'uta kila nguo mara moja na uitundike. Mikunjo ya begi huachia yenyewe usiku huo ikiwa nguo ina nafasi ya kuning'inia.